Darubini ya kioo ya kwanza: nichague ipi nikiwa Nakuru?

Mwalimu wa Lanet, Nakuru

Habari zenu, wanajukwaa. Naomba ushauri kabla sijatoa pesa, kwa sababu bidhaa ninayoitaka sijaipata katika duka lolote hapa Nakuru, na nikishaitoa Nairobi sidhani kama itarudishwa.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa hisabati. Tangu Desemba nimekuwa nikitazama anga kwa darubini ya macho mawili niliyoazimwa na mpwa wangu, na nikiiegemeza kwenye ukuta wa tangi la maji huiona miezi minne ya Mshtarii ikiwa imejipanga pembeni mwa sayari hiyo kama shanga. Wajukuu wangu wawili walipoiona walikwenda kuwaita watoto wa majirani, na sasa kila Ijumaa jioni, mawingu yakiruhusu, huwa na foleni ya watoto saba au wanane uani. Mikono yao hutetemeka, na nina hakika kwamba baadhi yao hawaoni kitu ila husema wameona ili wasichekwe. Ndiyo maana nataka darubini iliyotulia juu ya stendi yake, na kwa kuwa bei ya darubini za lenzi hupanda upesi kadiri kipenyo kinavyoongezeka, nimeamua iwe ya kioo.

Nina shilingi 60,000 na siwezi kuongeza. Muuzaji amenipa chaguo tatu zinazoingia humo. Ya kwanza ni mpya, ina kioo chenye kipenyo cha milimita 114, na kasha lake linasema kwamba urefu wa fokasi (umbali kutoka kwenye kioo hadi pale mwanga unapokutana) ni milimita 1,000 na kwamba inakuza mara 675. Inakaa juu ya stendi ya ikweta yenye uzito wa kusawazisha. Ya pili, mpya pia, ina kioo cha milimita 130 na urefu wa fokasi wa milimita 650, nayo huwekwa juu ya meza. Ya tatu imetumika, ina kioo cha milimita 150 na urefu wa fokasi wa milimita 1,200, na inakaa sakafuni juu ya kitako cha mbao cha aina ya Dobson. Muuzaji anaisifu sana ya kwanza, akisema kwamba stendi yake ndiyo ya kitaalamu kwa kuwa hufuata mwendo wa nyota, na kwamba hizo nyingine ni za kuchezea. Je, ni kweli? Na je, mvua na unyevu wa huku kwetu vibadilishe uamuzi wangu?

Mwangalizi wa Riat, Kisumu

Mwalimu, salamu kutoka ng'ambo ya Mau. Nianze na stendi, kwa sababu hapo ndipo muuzaji wako anapokosea zaidi, labda bila kujua.

Stendi ya ikweta ina mhimili ambao sharti uelekezwe kwenye ncha ya anga, yaani mahali ambapo nyota zote huonekana kupazunguka. Mtu wa London huuinua mhimili huo kwa digrii 51 hivi, na karibu kabisa na ncha hiyo anayo nyota ya Polaris ya kumwongoza. Kisumu iko takriban digrii 0.1 kusini mwa ikweta na Nakuru digrii 0.3, kwa hiyo kwetu ncha zote mbili za anga zimelala kwenye upeo wa macho, nyuma ya vilima na mikaratusi, na Polaris huioni. Mhimili ungepaswa kulazwa kama boriti ya paa. Stendi nyingi za bei nafuu hazikuundwa kulala hivyo. Yangu ya kwanza ilikuwa ya aina hiyo: kipimo chake cha digrii kiliisha kabla ya kufika sifuri, na nilipoilazimisha, fimbo ya uzito ikawa inagonga mguu wa stendi kila nilipotaka kugeukia upande wa pili wa anga. Ni kinaya kwamba kifaa kinachoitwa cha ikweta hukataa kazi pale pale kwenye ikweta. Niliteseka nacho miezi miwili, kisha nikachukua bomba peke yake hadi kwa seremala mmoja wa Kibuye, akanitengenezea kitako cha mbao ninachokitumia hadi leo.

Kitako hicho ndicho cha Dobson. Kimepewa jina la John Dobson, mtu aliyezaliwa Beijing mwaka wa 1915, akaishi Marekani kama mtawa, na akawa anatengeneza darubini kwa mbao, makasha na vioo alivyovisugua mwenyewe, kisha anazisimamisha kando ya barabara za San Francisco ili wapita njia watazame bure. Hakuna gia wala mhimili wa kuelekeza popote. Bomba hugeuka kushoto na kulia, juu na chini, basi. Na hapa kwetu kinafanya kazi kwa raha kuliko Ulaya, kwa sababu nyota iliyo juu ya ikweta ya anga, yaani mstari wa anga ulio juu ya ikweta ya dunia, huchomoza mashariki barabara na kupanda wima, nawe unasukuma bomba kwenda juu tu, bila kuligeuza kando, hadi nyota inapokaribia utosi.

Hapo utosini ndipo penye taabu, nami sitakuficha. Bomba likielekea juu kabisa, kuligeuza kando kidogo hudai uzungushe kitako chote. Mintaka, mojawapo ya nyota tatu za ukanda wa Orion, kundi ambalo waandishi wetu huliita Jabari, iko karibu digrii 0.3 kusini mwa ikweta ya anga, maana yake ni kwamba hupita juu kabisa ya paa la nyumba yako. Lile wingu zuri la Orion lililo chini ya ukanda hupita digrii tano tu kutoka hapo. Usipigane nalo likiwa utosini. Litazame saa mbili kabla au saa mbili baada, shingo yako itakushukuru.

Sasa kuhusu foleni ya watoto. Nyota za ikweta ya anga husogea digrii 15 kwa saa, yaani digrii moja kila dakika nne. Darubini yenye fokasi ya milimita 1,200 na lenzi ya jicho (ile ndogo unayochungulia) ya milimita 25 hukuza mara 48, yaani 1,200 gawanya kwa 25, na kwa lenzi ya kawaida itakuonyesha eneo la digrii moja hivi, kwa hiyo mtoto ana dakika nne kabla kitu hakijatoka upande wa pili. Ukiweka lenzi ya milimita 10 unakuza mara 120, na muda unakuwa chini ya dakika mbili. Weka sayari kwenye ukingo wa uwanja, yaani lile duara la anga unaloliona ukichungulia, mwite mtoto, naye ataiona ikivuka. Wenye umri wa miaka tisa au kumi hujifunza kusukuma bomba wenyewe kwa jioni moja.

Wewe ni mtu wa hisabati, kwa hiyo hili la kukuza mara 675 utalimaliza mwenyewe. Kanuni tunayoitumia ni kwamba ukuzaji wenye faida hauzidi mara mbili ya kipenyo kwa milimita, na hiyo ni usiku hewa ikiwa imetulia. Kwa milimita 114 unapata 228. Zaidi ya hapo unakuza ukungu. Kinachonunuliwa katika darubini ni eneo la kioo linalokusanya mwanga, nalo huenda kwa mraba wa kipenyo: kioo cha 150 hukusanya mara 1.7 ya kile cha 114, na mara 1.3 ya kile cha 130.

Jambo la mwisho kuhusu hiyo ya kwanza. Mwulize muuzaji urefu wa bomba. Likiwa nusu mita huku kasha likidai fokasi ya milimita 1,000, basi kuna lenzi ya nyongeza iliyofichwa kwenye shingo ya kulengea, pale lenzi ya jicho inapoingia, na kioo chake kikuu si cha umbo la parabola. Muundo huo unaweza kuwa mzuri ukitengenezwa kwa uangalifu, lakini katika darubini za bei hii mara nyingi picha huwa laini kama uji, na kuvinyoosha vioo vyake ni kazi ya kumchosha hata fundi. Mimi ningechukua ya tatu.

Mkulima wa Molo

Ninakubaliana na ndugu wa Riat kuhusu stendi, lakini sikubaliani naye kuhusu ya tatu, na sababu yangu ni mgongo.

Dobson ya milimita 150 ina uzito wa kilo 15 hadi 17 kwa jumla, na ingawa hubebwa kwa vipande viwili, ni safari mbili za kwenda uani na mbili za kurudi. Huku kwetu anga hufunguka kwa nusu saa kati ya ukungu na ukungu. Ile ya mezani ina kilo sita au saba. Naishika kwa mkono mmoja, naiweka juu ya pipa lililofunikwa kwa ubao, na kabla chai haijapoa nimeshaona nilichotaka. Mwaka jana nilitazama usiku mwingi zaidi kuliko jirani yangu mwenye kioo cha milimita 200 ambacho kimekuwa stendi ya kuanikia soksi.

Kuna na suala la upana wa uwanja. Kwa fokasi ya milimita 650 na lenzi ya jicho ya milimita 25 unakuza mara 26 na kuona karibu digrii mbili za anga. Kilimia chote kinaingia humo, na giza kidogo linabaki pembezoni, ndiyo maana kinapendeza. Katika ile ndefu Kilimia hujaa hadi kingoni na kukatwa. Wazee walisema kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Ukiwaonyesha watoto kundi lenyewe katika uwanja mmoja, methali hiyo hawataisahau.

Ila meza iwe nzito. Meza ya plastiki hutikisika mtoto akiipumulia.

Fundi wa Kakamega

Mwalimu umeuliza kuhusu unyevu, na nadhani hilo halijajibiwa. Mimi hurekebisha kamera na hadubini za shule, kwa hiyo nimeona kile ambacho hali ya hewa ya upande wetu hufanya.

Kioo cha darubini kimepakwa tabaka jembamba la alumini upande wa mbele, si nyuma kama kioo cha kujitazamia, kwa hiyo tabaka hilo liko wazi kwa kila kitu. Vumbi halina madhara makubwa. Kioo kinachoonekana kichafu mchana kinaweza kutoa picha safi usiku. Hatari ni maji yanayokauka juu yake na kuvu inayoota ukiifungia darubini ikiwa na umande. Ukimaliza kutazama usilifunike bomba mara moja. Liingize ndani, lilaze likielekea chini kidogo, liache likauke hadi asubuhi, ndipo ulifunike pande zote mbili na kutia ndani vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja na viatu vipya. Vipakiti hivyo huchoka, kwa hiyo vibadilishe. Kifuniko kizibe vizuri, maana buibui hupenda sana mabomba ya darubini, na utando wake ukiunasa mwanga wa nyota angavu utadhani umegundua kitu.

Usikipanguse kioo kwa leso. Kamwe. Kikihitaji kuoshwa, labda mara moja kwa miaka kadhaa, kitoe, kimwagie maji safi, kisha kiogeshe kwa pamba laini na tone la sabuni ya vyombo bila kukandamiza, na mwisho kisuuze kwa maji ya betri yanayouzwa kwenye vituo vya petroli. Nasema maji ya betri. Asidi ya betri ni kitu kingine, na huuzwa kwenye rafu hiyohiyo, kwa hiyo soma kibandiko.

Kuhusu kunyoosha vioo, watu wengi huogopa bure. Darubini ya kioo ina kioo kikuu chini ya bomba na kioo kidogo bapa karibu na mdomo, kilichoinama digrii 45 ili kuutoa mwanga pembeni, na vyote viwili lazima vitazamane sawasawa. Safari moja ya bodaboda kwenye barabara ya murram hutosha kuvipotosha. Chukua kifuniko cha plastiki kinachoingia kwenye shingo ya kulengea, kitoboe tundu dogo katikati kabisa, uchungulie mchana. Kwanza kioo kidogo kionekane kama duara lililo katikati, na ndani yake uone vibanio vyote vya kioo kikuu. Kisha zungusha skrubu tatu za nyuma ya bomba, robo mzunguko kwa wakati, hadi tundu lako lionekane katikati ya kioo kikuu. Usiku hakikisha kwa nyota angavu: ipoteze fokasi kidogo, na pete utakazoziona ziwe na kitovu kimoja. Pete zikiegemea upande mmoja, rudi kwenye skrubu.

Hapa ile ya tatu ina faida ambayo wenzangu hawakuitaja. Uwiano wake wa fokasi kwa kipenyo ni nane, ambapo wa ile ya mezani ni tano. Kadiri uwiano unavyokuwa mdogo ndivyo makosa madogo ya kunyoosha yanavyoonekana zaidi. Ya tatu husamehe.

Mwalimu wa Lanet, Nakuru

Nawashukuru nyote, hasa kwa kutonidharau. Jana nilipima kwa kamba: bomba la mita moja na robo linalala vizuri kwenye kiti cha nyuma cha Probox ya mwanangu, na kitako kinaingia kwenye buti. Mgongo wangu, kwa heshima ya mkulima wa Molo, bado una nguvu, na nina wajukuu wa kubeba kile kitakachonishinda. Naelekea kwenye ya tatu. Yamebaki maswali mawili. Nitaikaguaje, ikiwa imetumika? Na watoto wameanza kuniomba watazame Jua, kwa kuwa kasha la ile ya kwanza lilikuwa na kichujio kidogo cha kufungwa kwenye lenzi ya jicho.

Mwangalizi wa Riat, Kisumu

Hicho kichujio kidogo, Mwalimu, hata ukipewa bure kivunje na ukitupe. Kinakaa pale ambapo kioo kimekusanya joto lote la Jua, kwa hiyo hupasuka ghafla, na jicho la mtoto halina spea. Kichujio salama hufunika mdomo wote wa bomba, mbele kabisa, ili mwanga upunguzwe kabla haujaingia, na hata hicho hukaguliwa kwanza kama kina tundu au mkwaruzo. Usidharau ombi lao, maana tarehe 2 Agosti 2027 Jua litapatwa, kikamilifu huko Misri na kwa sehemu huku kwetu, na watauliza tena. Ukikosa kichujio cha mbele, toboa tundu la sindano kwenye kadibodi na kuiangusha taswira ya Jua ukutani.

Wakati huo huo una mengi ya usiku. Hapa ikweta tunaona anga lote kutoka ncha hadi ncha. Kioo cha 150 kitakupa mikanda ya Mshtarii, na pete za Zohali, ambazo mwaka wa 2025 zilitugeukia ubavu zikawa kama uzi na sasa zinafunguka tena mwaka hata mwaka. Mwezi wa Mei, mvua ikipumzika, tafuta Omega Centauri upande wa kusini. Machoni ni kama nyota yenye ukungu, ila kwenye darubini ni lundo la nyota nyingi mno, kama sukari iliyomwagika. Wenzetu wa Ulaya ya kaskazini hawaioni kabisa. Taa za mji hazitazuia sayari wala Mwezi, lakini kwa vitu hafifu itakubidi utoke, na usitoke peke yako. Mimi nikienda ufuoni hukuta wavuvi wa omena wameushika upeo wote kwa taa zao, kwa sababu wao pia huchagua usiku usio na mbalamwezi. Siwalaumu, walinitangulia.

Fundi wa Kakamega

Nikujibu la ukaguzi. Nenda mchana na tochi. Kwanza chungulia kioo kutoka mbele bila kukimulika: vumbi na alama chache ni sawa, lakini madoa yenye umbo la matawi au utando wa buibui yaliyokwama ni kuvu, na sehemu zilizopauka kama maziwa ni tabaka linalokufa. Kisha, ikiwa kioo kinaweza kufunuliwa nyuma, mulika kutoka huko huku mtu akitazama mbele. Vitundu vichache vya mwanga kama nyota si tatizo. Vikiwa vingi kama chekecheke, kioo kinahitaji kupakwa alumini upya, na sijui fundi wa kazi hiyo aliye karibu.

Zungusha gurudumu la kulengea hadi mwisho na kurudi, lisiwe na mchezo. Hakikisha lenzi za jicho zina kipenyo cha inchi 1.25, kwa maana zile nyembamba za zamani hazipatikani tena kwa urahisi. Skrubu zote tatu za nyuma ziwepo na zizunguke. Kitako kikiwa kimevimba kwa maji usiogope sana, ni mbao, seremala yeyote wa Nakuru ataweza kukinakili kwa siku mbili, ila kitumie kupunguza bei. Na mwombe muuzaji mlitoe bomba nje na kulielekeza kwenye mlingoti wa simu ulio mbali: vyuma vyake vikionekana vikali bila vivuli pembeni, lipa, na uombe akufungie bomba kwa blanketi.